Padi ya Pistoni Tatu

"Tarumbeta iliyowekwa wakfu haitoki kanisani ila kwa ibada, na haivunjwi kwa sababu yoyote ile. Atakayevunja kanuni hii ataweka chini chombo chake na hatapuliza tena."

Maneno hayo yameandikwa kwa wino wa buluu katika daftari la kikundi cha matarumbeta cha usharika wa Nshumari, kwenye mteremko wa Mlima Meru, na mwandiko ni wa Gerson Akyoo. Aliyaandika mwaka aliochaguliwa kuwa kiongozi, akayasoma mbele ya wenzake kumi na watatu, na kila mmoja akatia sahihi. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo alivyokuwa: akikuahidi redio yako Alhamisi, Jumatano jioni imekwisha kulia.

Redio ndiyo kazi yake. Kibanda chake kiko mjini, Kijenge, ukuta kwa ukuta na duka la vifaa vya umeme la Pravin, na kwa miaka ishirini na sita ameshuka kutoka Nshumari kila asubuhi ya kazi akiwa na bisibisi zake ndani ya mfuko wa ngozi, kisha akapanda tena jioni. Jumapili ni ya tarumbeta.

Watu wa Nshumari hupuliza kwa mkono wa kushoto, wote. Mwalimu wao wa kwanza, marehemu Mwalimu Ezra, alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kumenyea kahawa akiwa kijana, akajifunza upya kwa mkono uliobaki. Wanafunzi wake walimwangalia, wakashika kama alivyoshika, nao wakawafundisha wengine vilevile. Kwenye mashindano ya jimbo wenzao huwacheka. "Mashoto wamefika!" husema. Mashoto hawakujali, kwa kuwa miaka mingi walirudi na kikombe.

Tena wana desturi yao. Alfajiri ya Pasaka kikundi hupita migombani, nyumba kwa nyumba, na kila penye kaburi la mwaka huo husimama na kupuliza ubeti mmoja wa wimbo wa ufufuo. Wenye msiba hutoka na khanga zao mabegani, wakasimama kimya penye umande. Hakuna hotuba wala chai. Ubeti ukiisha, kikundi huenda kwa mwingine.

Mwezi wa Novemba Gerson alimzika mama yake, Bibi Magreth, nyuma ya nyumba, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku mbili kabla ya kufa alimshika mwanawe mkono.

"Gersoni," alisema, "Pasaka msinipite."

"Hatutakupita, mama."

Alijibu upesi kama mtoto anavyomjibu mzazi, lakini moyoni alijua kuwa amesema neno zito. Kikundi kile cha watu kumi na wanne kilikuwa kimebaki na wawili: yeye mwenye sauti ya kwanza, na Mzee Dismasi wa besi, ambaye goti lake lilikuwa linamwambia kila asubuhi kama ataweza kutembea. Wengine walikufa, wengine walihamia mijini. Na watatu walitoka siku moja, siku Gerson alipomfukuza Solomoni.

Solomoni alikuwa mpulizaji wa sauti ya pili, na kwa haki ya Mungu alikuwa bora kuliko kiongozi wake. Miaka sita iliyopita alichukua tarumbeta yake, iliyogongwa namba nne kwenye vifuniko vya pistoni, akaipeleka Kisongo kwenye ukumbi wa harusi ya dada yake. Akampulizia bibi harusi wimbo mmoja akiingia. Jumatatu tarumbeta ilikuwa kabatini, imeng'arishwa. Jumapili Gerson alifungua daftari, akasoma kanuni, akamwambia aweke chini chombo. Solomoni aliweka. Hakubishana. Marafiki zake wawili waliweka vyao wakamfuata. Namba Nne ikakaa stoo bila mtu wa kuifuta, hadi mchwa walipokula rafu, ikaanguka sakafuni na mdomo wake mpana ukapasuka.

Tarumbeta nzima zilikuwepo nne. Wapulizaji ndio hawakuwepo. Vijana wa Nshumari hufanya kazi mjini siku sita, wakapanda mlimani Jumapili, wakajaribu tarumbeta kwa saa moja baada ya ibada, wakashuka. Jumapili inayofuata vidole vimesahau kila kitu. Na kuwapa tarumbeta washuke nazo, hapana: kanuni ilikataa, na kanuni ilikuwa yake.

*

Januari, saa saba mchana, Gerson aliingia dukani kwa Pravin kuazima waya. Saa hiyo Pravin hufunga nusu ya mlango, akala chakula chake cha dengu, na vijana wa jirani huingia kucheza gemu. Si gemu hizi mpya. Ni mashine ya kizamani ya kaseti aliyonunuliwa na baba yake akiwa mtoto, ambayo Gerson ameunga nyaya zake kwa risasi mara nyingi kiasi kwamba sehemu iliyobaki ya kiwandani ni boksi tu. Ndani yake mna kijitu cha manjano kinachopanda ngazi na kuruka mawe.

Aliyekuwa akicheza ni Ndeshi, msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, binti wa Nshumari mwenye miaka ishirini na miwili na mdomo usiolala.

"Shikamoo Fundi! Usinisimamie mgongoni, unanitia nuksi."

"Marahaba. Endelea."

Gerson hakukitazama kijitu. Alitazama mkono wa kushoto wa Ndeshi. Kwenye padi, yaani kile kishikio cha gemu, mishale ya kwenda huku na huku iko kushoto, na kidole gumba cha yule binti kilikuwa kinakwenda chenyewe, bila yeye kukifikiria, kama kidole cha mtu aliyepuliza tarumbeta miaka kumi.

"Umejifunza kwa muda gani?" akauliza.

"Hii? Sijajifunza. Nacheza tu."

Alirudi kibandani na waya wa Pravin mkononi, akakaa, akausahau mkononi. Watu wote duniani wenye gemu za namna hii, aliwaza, mkono wao mwepesi ni wa kushoto. Wote ni mashoto!

Wiki ile alianza kutengeneza padi. Mwili aliuchonga kwa mti wa mgrevilea, mrefu toka kiwiko hadi vidoleni, wa kushikwa mbele ya uso. Upande mmoja aliweka kipulizio, na ndani yake mpira mwembamba uliogusa kipande cha shaba: ukipuliza, kijitu kinaruka. Juu aliweka vitufe vitatu vya mkono wa kushoto. Cha kwanza, mbele. Cha pili, nyuma. Cha kwanza na cha pili kwa pamoja, kupanda ngazi. Cha pili na cha tatu, kushuka. Kwa dayodi, vijipande vya umeme alivyovichomoa kwenye redio mbovu, aliifanya mashine itofautishe kimoja na viwili, kwa sababu katika tarumbeta vidole havifanyi kazi kimoja kimoja. Hushirikiana, na hapo ndipo wanafunzi wote hukwama.

Kwa vitufe alijaribu springi za kalamu. Alijaribu mabomba ya sindano. Alijaribu springi za pampu ya baiskeli. Pravin alijaribu kila kimoja, akatikisa kichwa.

"Hii inarudi kama mlango wa friji, Fundi. Na ile ya jana ilikuwa inakwama kama serikali."

"Kidole lazima kijifunze uzito wake," Gerson alisema. "Kikijifunza uzito wa uongo, tumepoteza muda."

"Basi weka ya kweli."

"Ya kweli iko kanisani."

"Si una ufunguo wewe?"

Pravin alisema hivyo huku akimenya chungwa, bila nia mbaya. Hakulijua lile daftari.

Gerson alikaa siku tatu na neno lile. Jumamosi mchana alifungua stoo, akaitoa Namba Nne kwenye boksi lake, akaigeuza na kuitazama palipopasuka. Imekufa, alijiambia. Chombo kilichokufa kinamsaidia nani? Akaona uso wa mama yake. Kisha akafungua vifuniko, akatoa pistoni tatu na springi zake, akachukua msumeno na kukata nyumba zake tatu za shaba kutoka kwenye mirija, maana pistoni bila nyumba yake haitelezi. Alipomaliza alirudisha mabaki ndani ya boksi, akalifunga, akaliweka mahali pake na upande wenye namba ukitazama mbele, kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi anayemwambia kila mteja ukweli hata akiumia alifunga mlango wa stoo na kuangalia kulia na kushoto kabla ya kuondoka. Tendo lenyewe mtu angeweza kulitetea. Kuangalia kulia na kushoto hakuna utetezi.

*

Padi ilipowekwa mezani kwa Pravin, vijana walicheka hadi mteja wa balbu akageuka mlangoni.

"Fundi, hii ni padi au bomba la kupulizia dawa ya nyanya?" Ndeshi aliuliza.

"Cheza."

"Na hapa ndiyo naweka mdomo? Wote tuweke hapo hapo?"

"Kuna spiriti na kitambaa. Cheza, wacha maneno."

Ndeshi alijaza mashavu akapuliza. Kijitu kikasimama palepale, jiwe likakipitia.

"Imekufa!"

"Haijakufa. Unapuliza kama unawasha jiko. Weka ulimi nyuma ya meno, sema 'tu', kwa ufupi. Tu!"

"Tu!" Kijitu kikaruka. "Mama yangu, kimeruka! Tu! Tu!"

"Sasa ngazi. Kidole cha kwanza na cha pili, pamoja, visipishane."

"Fundi, mbona mkono wa kulia hauna kazi?"

"Wa kulia unashika tu, inatosha."

Gerson hakumficha mtu kusudi lake. Siku ile ile aliwaambia kuwa anatafuta wapulizaji watatu kabla ya Pasaka, na kwamba atakayefika juu ya ngazi ya tano atapewa tarumbeta nzima mkononi Jumapili. Ndeshi alifika wiki ya pili. Nyuma yake wakafika Anande, anayeuza simu barabara ya pili, na Sabina, mwanafunzi wa uuguzi. Kila mchana wa kazi, saa saba hadi saa nane, duka la Pravin lilikuwa na sauti ya tu, tu, tu, na Pravin akala dengu zake akipiga kelele: "Ngazi! Ngazi! Shuka, unakufa!" Katika muda huo wote Gerson alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu Mwalimu Ezra alipomwambia kwa mara ya kwanza, "Hiyo ndiyo sauti."

Walipoishika tarumbeta halisi mwezi wa Februari, vidole vyao vilikwenda vyenyewe. Midomo ilihitaji kazi, kwa kuwa hakuna gemu inayoweza kutengeneza mdomo, lakini vidole vilikuwa tayari, na ulimi pia. Katikati ya Kwaresima waliumaliza ubeti wa ufufuo, sauti nne pamoja na Mzee Dismasi, bila kusimama. Mwinjilisti alitoka ofisini akiwa na kalamu sikioni. Baraza la wazee likatangaza kuwa Jumapili ya Mitende Gerson atasimamishwa mbele ya usharika na kushukuriwa.

*

Alhamisi kabla ya Mitende, Solomoni aliingia kibandani Kijenge na redio kwapani.

Hawakuwa maadui. Walisalimiana kila walipokutana njiani, kwa adabu na kwa ufupi. Siku hizi Solomoni alilima nyanya upande wa chini wa Nshumari, na redio ilikuwa ya kusikiliza habari shambani.

"Inakoroma," alisema.

"Iache. Jumamosi."

Solomoni aliweka redio kwenye meza, na mkono wake ukagusa padi, iliyokuwa pale kwa ajili ya kukazwa waya. Aliinua. Akaigeuza. Kidole gumba kikapita juu ya kifuniko cha pistoni ya kwanza, mahali namba ilipogongwa.

"Namba Nne," alisema.

Gerson aliivuta redio karibu, akashika bisibisi.

Solomoni aliiinua hadi karibu na uso, mkono wa kushoto juu, vidole vitatu vikakaa mahali pake. Vikaanza kwenda. Hapakuwa na sauti isipokuwa ile ndogo ya chuma kikigusa shaba, lakini Gerson alivitazama vidole na kuusikia wimbo wote: sauti ya pili ya ubeti wa ufufuo, hadi mwisho. Solomoni akaiweka chini taratibu.

"Miaka kumi na moja niliisugua hii," alisema. "Pistoni ya kwanza ilikuwa nzito kidogo wakati wa baridi. Bado ni nzito."

"Ilikuwa imepasuka, Solomoni. Rafu ilianguka."

"Mdomo unazibwa, Mzee. Wewe ni fundi, unajua." Hakupandisha sauti. "Mimi nilitoka nayo ikarudi nzima."

Akaondoka. Redio ikabaki mezani ikikoroma.

Jioni ile Gerson alimweleza mkewe, Eunike, kila kitu, kuanzia ufunguo. Eunike alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliendelea kuchambua.

"Atasema?" aliuliza.

"Solomoni? Hatasema."

"Kwa hiyo unaogopa nini?"

"Nikisema, naweka chini. Sauti ya kwanza hakuna. Ndeshi bado hajaiweza, na hawa wengine wana mwezi mmoja. Pasaka ni wiki ijayo. Mama alisema..."

"Najua alichosema, nilikuwepo." Eunike aliuweka ungo chini. "Mama yako alitaka matarumbeta. Hakusema lazima upulize wewe. Hayo umejiongezea."

"Eunike."

"Siku ya Solomoni nilikwambia samehe, ukanisomea daftari. Mkuki kwa nguruwe, baba, kwa binadamu mchungu. Sasa kula, chakula kinapoa."

*

Jumamosi Gerson alikwenda mbele ya baraza la wazee na boksi la Namba Nne, daftari, na padi. Alifungua boksi. Akasoma kanuni, kwa sauti ile ile aliyomsomea Solomoni, kisha akasema aliyoyafanya na siku aliyoyafanya.

Wazee walitazamana. Walimpenda, hapakuwa na nyumba kati ya zao ambayo redio yake haikuwahi kupita mikononi mwa Gerson. Mwenyekiti alisema tarumbeta ile ilikuwa mbovu. Mwingine alisema imezaa wapulizaji watatu, na mti hupimwa kwa matunda. Wa tatu alisema kanuni yenyewe ina makosa, ifutwe, vijana wapewe tarumbeta washuke nazo.

"Ifuteni," Gerson alisema. "Ni kweli ina makosa. Ningewapa vijana tarumbeta washuke nazo, nisingeichinja Namba Nne stoo. Lakini mkiifuta leo, inafutika kwa kesho. Mimi nilivunja ikiwa hai, na nilimfukuza mtu kwa hiyo hiyo."

"Unataka tufanye nini, Gerson?"

"Mwiteni Solomoni arudi. Yeye amekaa miaka sita kwa kosa dogo kuliko langu. Mimi nitakaa sita."

"Una miaka hamsini na minane," mwenyekiti alisema. "Mdomo wa miaka sitini na minne hauamki tena. Wewe ndiye unajua zaidi."

"Najua."

Hapakuwa na shukrani siku ya Mitende. Mchana wake Gerson aliteremka hadi shamba la nyanya, akiwa na redio iliyotengenezwa na tarumbeta yake mwenyewe, Namba Moja, ndani ya boksi. Alimkuta Solomoni akifunga miti ya nyanya kwa kamba.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Si wa tarumbeta. Wa miaka sita."

Solomoni alimaliza fundo lake. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Hii sijapuliza muda mrefu," alisema, akilitazama boksi. "Midomo imekuwa ya mkulima."

"Una siku saba."

"Mzee hujaacha kuwa kiongozi, hata ukiomba msamaha unapanga ratiba." Akacheka, na Gerson akacheka pia, kwa shida kidogo, na machozi yakamtoka mbele ya nyanya za watu.

*

Alfajiri ya Pasaka kulikuwa na ukungu hadi kwenye majani ya migomba. Gerson alisimama nyuma ya nyumba kama mfiwa mwingine yeyote, na Eunike kando yake ndani ya khanga moja. Aliwasikia kwa mbali, kwenye kaburi la chini, kisha kimya cha watu wanaotembea, kisha hatua. Wakatokea watano: Solomoni mbele na Namba Moja, Ndeshi, Anande, Sabina, na Mzee Dismasi akisaidiwa kubeba besi. Wote kwa mkono wa kushoto. Ndeshi alimtazama Gerson, akajifanya hakumwona, akaweka ulimi nyuma ya meno.

Ubeti uliendelea vizuri. Katikati Sabina aliteleza kidogo, akarudi. Eunike alikuwa amemshika mumewe mkono, na chini ya khanga alivihisi vidole vyake vitatu vikibonyeza mgongo wa kiganja chake, cha kwanza, cha kwanza na cha pili, kisha hakuna, cha pili na cha tatu, hadi mwisho wa wimbo. Hakuvizuia. Ubeti ulipokwisha kikundi kilikwenda kwa mwingine.

Padi bado iko dukani kwa Pravin, na kanuni imefutwa. Kazi ile iligharimu tarumbeta moja iliyoweza kutengenezwa, na Gerson Akyoo hajapuliza tena.